Sekunde mbili na nusu za kwotabeki

Aprili 1998, wapenzi wa futiboli ya Kimarekani walikuwa na swali moja mdomoni: Manning au Leaf? Klabu ya Indianapolis Colts ilikuwa na haki ya kuchagua chipukizi wa kwanza kati ya wote waliokuwa wakitoka vyuo vikuu, na mbele yake walikuwapo vijana wawili wa nafasi ileile, nafasi ya kwotabeki, yule anayerusha mpira. Peyton Manning alitoka Tennessee. Baba yake, Archie, alikuwa kwotabeki wa New Orleans, kwa hiyo kijana alikulia ndani ya mchezo. Ryan Leaf alitoka Washington State, pandikizi la mtu, mwenye mkono wenye nguvu kuliko wa mwenzake. Watu wanaolipwa kuwatathmini wachezaji waligawanyika, na hawakuwa wachache walioamini kwamba Leaf ndiye atakayefika mbali. Colts wakamchukua Manning. San Diego Chargers, waliokuwa wametoa wachezaji wawili na nafasi zao kadhaa za kuchagua ili wapande hadi namba 2, wakamchukua Leaf.

Manning alikuja kuwa mchezaji bora wa ligi ya NFL mara 5 na kutwaa Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, mara 2, kila moja akiwa na klabu tofauti. Leaf aliondoka kwenye ligi akiwa amerusha pasi 14 za tachidauni, yaani za kufunga, na pasi 36 zilizonaswa na wapinzani.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amefichwa. Walipimwa urefu, uzito na mbio, mechi zao zote zilirekodiwa, makocha waliwakalisha na kuwahoji. Ni kitu gani basi ambacho hakikuonekana? Naliuliza hili kwa sababu kila Februari jamaa zangu wachache wanaokesha kuitazama Super Bowl, ambayo kwa Afrika Mashariki huanza saa nane na nusu usiku, hunirudia na neno lilelile: yule anayerusha mpira ana nini cha pekee hata alipwe kuliko wenzake? Kurusha, wanasema, si kazi ngumu. Na kweli, kurusha peke yake wapo wanaokuweza zaidi. Julius Yego wa Kenya aliurusha mkuki mita 92.72 mjini Beijing mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia. Kama kazi hii ingekuwa ya nguvu za bega, klabu za NFL zingekuwa zimeshapiga kambi Bonde la Ufa.

Kwa asiyeujua mchezo, niueleze kwa kifupi. Kila timu ina wachezaji 11 uwanjani. Kati ya mstari wa goli moja na wa pili pana yadi 100, karibu mita 91. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine manne, ikishindwa mpira unakwenda kwa wenzao. Kuufikisha mpira katika eneo la mwisho ndiyo tachidauni, pointi 6. Kila jaribio huanza mpira ukiwa umetulia chini: mchezaji wa katikati ya mstari wa mbele huinama na kuupitisha kati ya miguu yake kwenda nyuma, na karibu kila mara anayeupokea ni kwotabeki. Yeye sasa anaweza kumkabidhi mkimbiaji, akakimbia nao mwenyewe, au akaurusha mbele. Pasi ya mbele inaruhusiwa moja tu kwa jaribio, na lazima itoke nyuma ya mstari ulipoanzia mpira.

Anayetoka kwenye soka atamfananisha na kiungo mchezeshaji, na si vibaya kuanzia hapo. Lakini kiungo akiona njia imezibwa humrudishia beki mpira, wakajenga upya. Kwotabeki hana pa kurudisha. Mbele yake kuna watu wanne au zaidi, baadhi yao wana kilo 130 na kupita, wanaokimbia kuja kumwangusha, na kwa kawaida ana kama sekunde mbili na nusu tangu apokee mpira hadi autoe. Ndani ya muda huo mdogo ndimo nafasi yake yote ilimo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi yake huifanya kabla muda huo haujaanza.

Baada ya kila jaribio mchezo husimama, na huo msimamo unaowachosha watazamaji wageni ndio moyo wa futiboli yenyewe. Saa ya kuhesabu ina sekunde 40. Kocha huongea na kwotabeki kwa redio iliyo ndani ya helmeti, jambo lililoruhusiwa mwaka 1994, akamtajia mpango wa shambulizi. Saa ikibaki na sekunde 15, redio inakatwa. Kuanzia hapo yuko peke yake na macho yake.

Anatazama nini? Kwanza mabeki wa mwisho, wale wanaosimama nyuma kabisa. Wakiwa wawili, kila mmoja upande wake, huenda katikati ya uwanja pakabaki wazi. Akiwa mmoja tu, yuko katikati, basi mabeki wa pembeni wako peke yao na wapokeaji wenye mbio. Kisha anataka kujua wanakaba vipi, mtu kwa mtu au eneo. Hapa pana mbinu ninayoipenda, kwa kuwa hata mtu anayetazama mechi kwa mara ya kwanza anaweza kuiona. Kwotabeki humwamuru mpokeaji mmoja atoke upande huu aende upande ule kabla mpira haujaanza. Beki mmoja akimfuata hatua kwa hatua, wanakaba mtu kwa mtu. Mabeki wakisogeasogea kidogo tu na kupeana zamu, wanakaba eneo. Swali limeulizwa na kujibiwa bila mtu kufungua kinywa.

Tabu ni kwamba mabeki nao wanajua kuwa wanasomwa. Beki anamfuata mpokeaji ili tu adanganye. Wawili wanasimama nyuma, na mpira unapoanza mmoja anashuka mbio na kuziba katikati. Kwa hiyo kwotabeki hana budi kuwa na jibu la kwanza kabla ya mpira kuanza na kuwa tayari kulitupa mara mpira unapofika mikononi. Wachezaji wa bao watalielewa hili upesi: fundi humaliza hesabu yake kabla ya kuzigusa kete, na mkono unatekeleza tu kilichokwisha amuliwa. Tofauti ni kwamba huku kete za mwenzako zinajihamisha zenyewe wakati bado unahesabu.

Manning ndiye aliyeifanya sehemu hii ya mchezo ionekane na kila mtu. Alikuwa akisimama nyuma ya ukuta wa wachezaji wake, anaelekeza vidole, anapiga kelele, anabadilisha mpango wa kocha papo hapo kwa sababu ameona beki mmoja kasimama hatua mbili nje ya mahali pake. Neno lake maarufu lilikuwa "Omaha", jina la mji wa Nebraska, ambalo kwa wenzake lilikuwa ishara ya kilichobadilika na ya kwamba mpira u karibu kuanza. Januari 2014, katika mechi moja ya mtoano dhidi ya San Diego, alilitamka zaidi ya mara 40. Watoto walikuwa wakilipiga kelele kwenye viwanja vya mitaani. Nyuma ya kelele hizo kulikuwa na saa nyingi mno za kukaa gizani kutazama video za wapinzani, hadi ajue kwamba beki fulani akiwa na nia ya kuvamia huuweka mguu wa kushoto mbele.

Sasa mpira umeanza.

Miguu ya kwotabeki ndiyo saa yake. Hurudi nyuma hatua tatu, tano au saba, na idadi hiyo imepangwa ilingane na mbio za mpokeaji. Kama mpokeaji anatakiwa kukimbia yadi 12 kisha akate kwenda nje, basi mguu wa nyuma wa kwotabeki unapokanyaga mara ya tano, mpokeaji anakaribia kukata. Yuko wazi? Rusha. Kazibwa? Ruka kidogo kwenda mbele, tazama wa pili. Kazibwa naye? Wa tatu. Baada ya hapo, mpe mkimbiaji aliye karibu zile yadi mbili za bure, au utupe mpira nje. Mpangilio huo wa macho hurudiwa mazoezini hadi utoke kwenye kichwa na kuingia kwenye magoti. Kwotabeki chipukizi hutambulika kwa urahisi: hubaki amemkodolea macho mpokeaji wake wa kwanza, na kila beki uwanjani anafuata macho yale.

Aliyekomaa huyageuza macho yake kuwa silaha. Anatazama kulia kwa nukta moja, beki wa mwisho anasogea kulia, kisha mpira unakwenda kushoto alikotaka tangu mwanzo. Mpiga penalti anayeikodolea kona moja na kupiga ya pili anafanya jambo hilohilo, ila yeye hakimbiliwi na watu wanne.

Halafu kuna lile jambo ambalo kwangu mimi ndilo linalotenganisha wazuri na bora kabisa. Kwotabeki wa kawaida humrushia mtu aliye wazi. Aliye bora hurusha mahali ambapo hakuna mtu. Mpira unatoka mkononi wakati mpokeaji bado amempa mgongo, hajakata, hajaugeukia, na unapowasili naye anawasili. Watangazaji wetu wa soka wana jina zuri kwa kitu kinachofanana na hiki, pasi mpenyezo, lakini mpenyezo wa soka humkuta mshambuliaji akiwa ameshaanza mbio zake. Huku mpira mara nyingi hutangulia uamuzi unaoonekana. Beki anayesubiri kuona mpokeaji ameelekea wapi ameshachelewa.

Hili halifanyiki bila kujuana sana. Manning na mpokeaji wake Marvin Harrison waliunganisha tachidauni 112 katika msimu wa kawaida wa ligi, rekodi ya watu wawili. Mwaka 2002 Harrison alidaka pasi 143. Ukizitazama video za wakati ule, utaona mara nyingi Harrison anageuza kichwa na kukuta mpira uko futi chache kutoka usoni pake, wala hashtuki. Walikuwa wamelirudia kimbio lilelile mazoezini mara zisizohesabika, hadi kila mmoja akajua idadi ya hatua za mwenzake.

Tunapozungumzia shabaha, wengi hudhani ni kumpata mtu. Kumpata mtu ni mwanzo tu. Swali ni bega lipi. Mpira ukifika kwenye bega lililo mbali na beki, beki hawezi kuugusa. Ukifika mbele kidogo ya kifua, mpokeaji anaudaka bila kupunguza mbio, na pasi ya yadi 6 inageuka kuwa ya yadi 30. Ukifika nyuma kidogo, anasimama, anajikunja na kuangushwa palepale. Kwenye takwimu pasi hizi mbili huhesabiwa zote kuwa zimekamilika.

Fundi wa jambo hili alikuwa Drew Brees, na hapa habari inarudi San Diego. Chargers walipoachana na Leaf mwanzoni mwa 2001, miezi michache baadaye walimchagua Brees, namba 32. Alikuwa amewapita chipukizi wengi kwa ubora chuoni, lakini ana futi 6 tu, karibu sentimita 183, na ukuta wa wachezaji mbele yake ni wa watu warefu kumzidi. Ataona wapi? Akajifunza kuona kupitia nafasi zilizo kati ya mabega yao, na kujua mtu yuko wapi hata asipomwona. Siku ya mwisho ya mwaka 2005 aliumia vibaya bega la mkono anaorushia. Akaondoka San Diego, akaenda New Orleans, mji uliokuwa bado unajikokota kutoka kwenye mafuriko ya kimbunga Katrina. Februari 2010 akawapa Super Bowl yao ya kwanza, wakimfunga Manning na Colts 31 kwa 17. Mwaka 2018, akiwa na miaka 39, alikamilisha asilimia 74.4 ya pasi zake zote, rekodi ya ligi wakati huo. Bega lililoshonwa, kimo cha wastani, mkono usio wa kutisha.

Kuna mahali pamoja pa kuangalia ambapo kamera hapapendi. Wachezaji watano wa mstari wa mbele humjengea kwotabeki kijumba cha miili yao, Wamarekani hukiita mfuko, na kijumba hicho kinabomoka kila sekunde. Aliye na woga hukitoka mbio kabla hakijabomoka, na akitoka mpango wote umeharibika, maana wapokeaji wanakimbia kwa hesabu ya yeye kuwa pale. Aliye bora anabaki. Anasogea nusu hatua kushoto, hatua moja mbele, anashusha bega, beki anampitia mgongoni, na muda wote huo macho yake yako mbali uwanjani, hayajashuka hata mara moja kuwatazama wanaomjia. Huo ni ujasiri wa aina ya pekee, kukubali kwamba utagongwa ili mpira utoke kwa wakati wake.

Tom Brady alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28 alipopimwa mwaka 2000, mwendo wa polepole kwa kiwango cha ligi ile, na klabu zikaendelea kumpita hadi New England walipomchukua akiwa namba 199. Makwotabeki sita walichaguliwa kabla yake. Alikuja kutwaa Super Bowl 7. Saa ile ya kupimia ilisema kweli, hakuwa na mbio. Lakini ndani ya mfuko hakuna anayekimbia yadi 40. Mtu husogea sentimita 40, na hapo Brady hakuwa na wa kumfananisha naye.

Nikiishia hapa nitakuwa nimedanganya, kwa sababu yupo Patrick Mahomes. Baba yake alikuwa mrushaji wa besiboli ya kulipwa, na kijana mwenyewe aliicheza, ndiyo maana hurusha kutoka pembe yoyote, mkono juu, mkono ubavuni, akiwa anakimbia, hata bila kutazama. Tarehe 2 Februari 2020, katika Super Bowl iliyochezwa jirani na Miami, Kansas City walikuwa nyuma 20 kwa 10, zimebaki dakika saba na kidogo. Jaribio la tatu, yadi 15 za kuvuka. Mahomes alikuwa ameshanaswa pasi mbili siku ile. Yeye mwenyewe ndiye aliyewauliza makocha kama kuna muda wa kutumia mpango wanaouita "Wasp", nyigu, ambao unahitaji mpokeaji Tyreek Hill akimbie mbali sana kabla ya kukata, na kwa hiyo unahitaji ukuta ushikilie kuliko kawaida. Akapokea mpira, akarudi nyuma, akarudi tena, mabeki wa San Francisco wakimjia, akauachia mpira ukiwa juu kuliko taa za mtaani. Hill alikata kwenda pembeni akiwa peke yake. Yadi 44. Kutoka hapo Kansas City walifunga tachidauni tatu na kushinda 31 kwa 20.

Pasi ile isingefikishwa na mkono wa kawaida. Mrushaji alikuwa mbali nyuma ya mstari, kwa hiyo mpira ulisafiri angani zaidi ya yadi 50. Nguvu ya mkono inapanua uwanja: mabeki wanalazimika kulinda pembe ambazo kwa mrushaji mwingine wangeziacha. Naikubali kabisa hoja hiyo. Ila hesabu mpangilio wa mambo katika tukio lile. Kwanza alisoma kwamba mabeki wanakaba eneo na kuna upenyo upande fulani. Pili alijua ni mpango gani unafika pale. Tatu alijua muda wa ukuta wake. Nne alikuwa amezisahau pasi mbili zilizonaswa. Mkono ulikuja wa tano.

Hayo manne ya mwanzo hayana rula wala saa ya kuyapima, na hapo ndipo palipoingia dhuluma. Kwa miongo mingi, kijana mweusi aliyekuwa kwotabeki shuleni na chuoni alipofika kwenye ligi ya kulipwa aliambiwa akacheze beki au mpokeaji, kwa madai kwamba nafasi hii inataka akili na uongozi ambavyo yeye hana. Pale ambapo kipimo hakikuwepo, watu walijaza dhana zao. Warren Moon alimaliza chuo akiwa ameiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Washington kushinda Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo, Januari 1978, na hakuna klabu ya NFL iliyomchagua. Akaenda Edmonton, Kanada, akatwaa kombe la nchi ile mara tano mfululizo. Aliporudi Marekani mwaka 1984 ilibidi klabu zimgombanie. Mwaka 2006 akawa kwotabeki mweusi wa kwanza kuingia kwenye Jumba la Watukufu wa mchezo huo. Kabla ya hapo, Januari 1988, Doug Williams wa klabu ya NFL ya Washington alikuwa ameshaingia kwenye Super Bowl, timu yake ikaachwa nyuma 10 kwa 0, naye akarusha tachidauni nne katika robo ya pili peke yake. Ikaisha 42 kwa 10.

Ungedhani jambo likaishia hapo. Mwaka 2018 bado palikuwa na wajuzi waliomshauri Lamar Jackson abadilishe nafasi awe mpokeaji. Alikataa, akachaguliwa wa 32, na msimu wake wa pili akawa mchezaji bora wa ligi kwa kura zote bila kupingwa, huku miguu yake ikiwa imekimbia yadi 1,206. Februari 2023 ndipo Super Bowl ilipoanza kwa mara ya kwanza na makwotabeki wawili weusi, Mahomes na Jalen Hurts. Ukifikiria ni wangapi kati ya Moon na hawa walihamishwa nafasi wakiwa na miaka 18, hesabu inauma.

Turudi kwa wale wawili wa 1998, kwa sababu msimu wao wa kwanza haufanani na inavyosimuliwa. Manning hakung'aa. Alinaswa pasi 28, nyingi kuliko chipukizi yeyote kabla yake au baada yake, na Colts walishinda mechi 3 wakafungwa 13. Leaf alishinda mechi zake mbili za mwanzo. Ya tatu, huko Kansas City, alirusha pasi 15 ikakamilika moja, ya yadi 4, mbili zikanaswa. Kesho yake kamera zilimnasa akimfokea mwandishi wa habari chumbani kwa wachezaji, na picha hiyo ikamfuata miaka yote. Mwaka 1999 hakucheza kabisa kwa sababu ya bega.

Wote wawili walianguka basi. Manning alizichukua zile pasi 28 kama mwanafunzi anavyochukua karatasi yenye masahihisho mekundu, akaipitia moja baada ya nyingine, na mwaka uliofuata Colts walishinda mechi 13 na kufungwa 3. Leaf kila kosa lilimkaa kifuani hadi likazaa la pili. Simsemi kwa dharau. Kijana wa miaka 22 anapewa jiji zima alibebe, na si kila kifua kimeumbwa kwa mzigo huo, wala si kila klabu inajua kumsaidia anayeubeba. Kwotabeki bora anahitaji sifa mbili zinazogombana ndani ya mtu mmoja: akumbuke kosa vizuri kiasi cha kutolirudia, na alisahau kiasi cha kurusha mpira uleule dakika tano baadaye bila mkono kutetemeka.

Na mazingira yana sauti kubwa. David Carr alichaguliwa wa kwanza mwaka 2002 na Houston Texans, klabu iliyokuwa ikianza kucheza ligini mwaka huohuo, yenye ukuta usioshikilia. Msimu wake wa kwanza aliangushwa na mpira mkononi mara 76, rekodi ambayo bado ipo. Baada ya msimu kama huo macho hujifunza kushuka na kuwatazama wanaokuja, na macho yakishashuka ni vigumu kuyapandisha tena. Hatutajua kamwe Carr angekuwa nani nyuma ya ukuta mwingine.

Kwa hiyo siku nyingine ukikesha, jaribu kwa majaribio kumi tu usiufuate mpira. Mtazame yeye kabla haujaanza: anaelekeza kidole wapi, amembadilisha nani mahali. Ukianza, tazama miguu yake, kisha macho. Utashangaa jinsi mchezo unavyobadilika.

Manning mwenyewe alikuja kuwa jaribio la mwisho la swali lake. Alifanyiwa upasuaji wa shingo mara kadhaa, akaukosa msimu wote wa 2011, na mishipa iliyoumia ilimnyima nguvu za mkono wa kurushia. Colts wakamwachia. Akaenda Denver, pasi zake zikiyumba angani kama kishada chenye kamba fupi, na mwaka 2013, kwa mkono ule ule dhaifu, akarusha tachidauni 55 na yadi 5,477, rekodi zote mbili za msimu mmoja. Msimu huo uliishia kwenye Super Bowl. Katika jaribio la kwanza kabisa mpira ulipita kando ya kichwa chake akiwa anasogea kupanga wenzake, ukaingia eneo la mwisho, Seattle wakapata pointi za bure. Denver walifungwa 43 kwa 8.

Miaka miwili baadaye alirudi kwenye fainali akiwa na miaka 39, baada ya msimu mbaya kuliko yote, tachidauni 9 na pasi 17 zilizonaswa. Safari hii mabeki wa Denver ndio waliombeba. Siku ile, tarehe 7 Februari 2016, alikamilisha pasi 13 kati ya 23 kwa yadi 141 tu, wakawafunga Carolina 24 kwa 10. Pasi yake ya mwisho maishani ilikuwa ya kuongeza pointi 2 baada ya tachidauni, mpira ukianzia yadi 2 tu kutoka golini. Alipokea mpira na kuutoa upesi. Bennie Fowler alikuwa ndiyo kwanza anageuka.